Chaza Aliyetolewa Mbele ya Kamera

Mwongozaji Mok alikuwa na ugonjwa mmoja: kusema "kata" kulimuuma kama kung'olewa jino. Waigizaji wake walimaliza maneno yao yote, wakatazamana, wakakosa pa kuweka mikono, na yeye mama wa watu yuko nyuma ya kamera kimya, kajikunyata ndani ya koti lake refu la baridi, anangoja. Anangoja nini? Mwenyewe alisema anangoja watu waache kuigiza. Kwa siku ishirini na tatu Na-gyeong alikuwa mke wa mtu mbele ya kamera hiyo, na kila tukio lilipoisha bila "kata", yule mume wake wa filamu, Tae-ik, alimtazama kwa macho ambayo hayakuandikwa popote kwenye skripti. Kisha "kata" ilipokuja, aliinamisha kichwa kwa adabu, akageuka, akaenda zake.

Leo ilikuwa siku ya mwisho.

Filamu ilipigwa nyumbani kwa mama yake Na-gyeong, kijijini Haenam, kwa sababu tukio kubwa lilikuwa la kutengeneza kimchi ya majira ya baridi, yaani kabichi za kuchachushwa kwa chumvi na pilipili, na hakuna nyumba pale kijijini iliyojua kazi hiyo kama ile. Kabichi za mama ndizo zilizokuwa kabichi za filamu. Kulipopambazuka, mama na binti walikuwa uani, wamechutama, wanazikamua kabichi zilizolala kwenye maji ya chumvi.

"Shangazi yako atapiga simu saa tisa," mama alisema. "Anataka jibu."

"Jibu la nini tena, mama?"

"Usijitie kusahau. Yule daktari wa meno wa Mokpo. Jumapili mkutane, mnywe kahawa, mtazamane. Mtu mtulivu, hanywi pombe, mama yake hana maneno. Una miaka thelathini na tano, mwanangu."

"Leo nina kazi, mama."

"Kazi inaisha saa nane. Saa tisa unaniambia, unakwenda au huendi."

Na-gyeong akaikamua kabichi mpaka ikataka kuchanika.

"Unamngoja yule," mama alisema polepole.

"Yule nani?"

"We! Nimekuzaa mimi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na wewe unakohoa tangu wiki ya kwanza. Kijana mwenyewe sina neno naye, ana heshima. Ila nieleze kitu kimoja. Kamera ikiwaka anakuangalia kana kwamba utatoweka. Kamera ikizimwa hata kikombe cha chai hanywi na wewe. Sasa yupi ndiye?"

Swali hilo hilo ndilo lililomkosesha Na-gyeong usingizi.

"Nilikulisha uji kwa kijiko wiki mbili katika chumba kile," mama akaendelea, akionyesha kwa kidevu. "Sitaki kupika uji ule tena."

Miaka mitatu nyuma Na-gyeong aliigiza tamthilia jijini Seoul na mwanamume mmoja mwenye sauti nzuri. Kila jioni kwa miezi miwili alimlilia jukwaani, akamshika mkono hata baada ya pazia kufungwa, akamwambia maneno ambayo mwanamke husikia akajenga nyumba nzima kichwani. Siku ya onyesho la mwisho yule bwana akainama mbele yake, akasema, "Pole na kazi," kama anavyoambiwa fundi wa taa, akaondoka. Hakupiga simu hata moja. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Na-gyeong alikuwa hajaacha kushtuka.

Saa tano wakakaa tayari. Turubai lilitandikwa uani, beseni la rojo la pilipili katikati, glavu nyekundu za mpira mikononi. Katika filamu Tae-ik alikuwa Sang-u, na Na-gyeong alikuwa Mi-ran. Miaka kumi na miwili ya ndoa, wamekuja kwa mama mkwe kutengeneza kimchi mara ya mwisho kabla hawajaachana, na mama mkwe hajui. Siku ya kimchi hakuna anayekaa bila kulishwa. Unachomoa jani changa la manjano katikati ya kabichi, unalitia rojo na chaza mbichi, unalifunga, unamtia mwenzako mdomoni kwa mkono wako. Basi Sang-u atamlisha mkewe kwa mazoea tu, huku anatazama pembeni, na Mi-ran atatafuna, atameza, atasema, "Tuachane, baba watoto." Mwisho.

"Anza!"

Tae-ik akachomoa jani. Akaweka rojo. Akaweka chaza, mmoja mnene. Akalikunja jani, akalipeleka mdomoni kwa Na-gyeong, kisha mkono ukasimama hewani. Akalifungua tena lile jani. Akamtoa yule chaza kwa vidole viwili, akamla mwenyewe, akalikunja jani upya na kumlisha.

Na-gyeong alitafuna. Moyo ulimwenda mbio hadi akaogopa kinasa sauti kitausikia. Tangu utotoni chaza alimtapisha, na hakuwa amemwambia mtu yeyote hapo. Kazini hulalamiki kwa ajili ya chakula, unakula unachopewa. Alikuwa amejikaza toka asubuhi, amejiambia atameza bila kupumua.

"Tuachane," alisema hatimaye, na sauti ikamkatika, "baba watoto."

Mok hakusema kitu. Kamera ikaendelea.

"Umechoka," Tae-ik akasema. Maneno hayo hayakuwamo. "Vua glavu, upumzike kidogo. Nitamalizia mimi."

Machozi yakamtoka Na-gyeong, na hayakuwa ya Mi-ran.

"Kata," Mok alisema baada ya muda mrefu. Akakaa anarudia kutazama picha kwenye kioo chake kidogo. Kisha akaita, "Tae-ik, hebu njoo. Chaza ulimtoa wa nini?"

Tae-ik akatazama chini. "Nimekosea."

"Ni tukio zuri kuliko yote tuliyopiga, na siwezi kulitumia. Sang-u ameachwa kwa sababu gani? Kwa sababu miaka kumi na miwili hajui mke wake anakula nini, analala saa ngapi, anaogopa nini. Sang-u angemlisha hata jiwe. Sasa huyu aliyemtoa chaza ni nani?"

Fundi wa taa akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka, akakohoa. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya nyama ya kuchemsha, alikuwa amewaona wote wawili na alikuwa ameviona vile vidole viwili vikimtoa chaza. Akaiweka sahani chini, akamfuata Mok.

"Mwongozaji, binti yangu hali chaza. Humtapisha."

"Lo! Mbona hakusema?" Mok akamgeukia Na-gyeong. "Haya, tutaweka kipande cha tunda la pea, kwenye picha hakuna atakayejua. Tae-ik, lisha na utazame pembeni. Usimwangalie."

Walirudia. Tae-ik akamwangalia.

"Kata! Usimwangalie."

Walirudia tena. Safari hii alitazama pembeni mpaka jani lilipofika mdomoni, kisha macho yakarudi yenyewe.

"Kata! Kaka, umeigiza miaka kumi na tano. Umeshacheza jambazi, umeshacheza mfalme. Kutomwangalia mwanamke mmoja kunakushinda?"

"Nisamehe, mwongozaji."

"Pumzikeni robo saa," Mok alisema. Uso wake haukuwa na hasira hata kidogo.

Nyuma ya nyumba mama alikuwa na safu ya mitungi ya udongo. Na-gyeong alimkuta Tae-ik amesimama hapo, mikono mifukoni, mvuke ukimtoka mdomoni kwa baridi. Kwa mara ya kwanza hakuondoka alipomwona anakuja.

"Ulijuaje?" Na-gyeong akauliza.

"Kujua nini?"

"Usinizungushe. Nimechoka kuzungushwa."

Tae-ik akavuta pumzi. "Siku ya tatu. Tulipokwenda wote kula wali wa chaza kule bandarini. Uliwafukia chini ya bakuli la kimchi, mmoja mmoja, ukala wali mtupu. Mama mwenye mkahawa alipouliza, ukasema tamu sana."

"Ulikaa meza nyingine. Ulinipa mgongo!"

"Ukutani kulikuwa na kioo."

Na-gyeong akataka kucheka, akataka kulia.

"Siku ishirini na tatu," alisema, "salamu yako kwangu ni kichwa chini, kichwa juu. Wenzetu wanadhani tuna ugomvi. Binti wa mavazi ameniuliza nimekufanya nini. Nimekufanya nini, Tae-ik?"

"Hujanifanya kitu."

"Basi niambie. Yule anayenitazama mbele ya kamera, ni Sang-u au ni wewe?"

"Sang-u hamtazami mkewe. Umemsikia mwongozaji."

"Nijibu wewe."

"Ni mimi," Tae-ik alisema. "Pale mbele ya kamera ni mimi. Huku nje ndiko ninakoigiza. Najifanya sikuoni, najifanya nasoma, najifanya nina haraka. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo, na malipo yake ni kutazamwa na wewe kama mtu mbaya."

"Kwa nini sasa? Nani alikutuma?"

"Yule wa tamthilia. Najua habari yake. Waigizaji hatuna siri, unajua mwenyewe. Nikajiambia, nikikwambia katikati ya kazi utasema ni filamu inayonisemesha, na utakuwa na haki. Nikaona bora ningoje iishe."

Maneno yalikuwa mazuri, na hapo ndipo palipomtisha. Na-gyeong akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa mtungi wa baridi.

"Na yeye alisema vizuri hivyo hivyo," alisema. "Pengine kuliko wewe."

Tae-ik akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetarajia.

"Sina cha kukuonyesha," alisema. "Kazi yangu ni maneno, na maneno umeshauziwa mabovu. Sikulaumu."

"Saa tisa shangazi yangu anapiga simu. Nimetafutiwa mtu. Daktari wa meno."

"Ni mtu mwema?"

"Wanasema."

Tae-ik akatoa mikono mifukoni. Wakaitwa uani.

Safari hiyo Tae-ik alifanya alivyoambiwa. Alimlisha Na-gyeong lile jani huku anatazama waya wa nguo, uso umekauka, hana habari. Na-gyeong akatafuna pea na pilipili, akamtazama huyo mtu asiyemwona, na ubaridi ukampanda hadi mabegani. Kumbe hivi ndivyo anavyokuwa akiigiza kweli! Hakuwa amewahi kuuona uso huo mbele ya kamera, siku zote ishirini na tatu. "Tuachane, baba watoto," alisema, na safari hii haikumkatika.

"Kata!" Mok akasema papo hapo. Watu wakatazamana kwa mshangao. "Tumemaliza. Poleni na kazi, jamani!"

Makofi yakapigwa, watu wakakumbatiana, nyama ya mama ikaliwa kwa mikono huku taa zinafungwa. Mama akamjazia kila mtu kopo la kimchi la kubeba, akawakumbusha mmoja mmoja walitie kwenye jokofu wasije wakamsingizia. Basi la kurudi Seoul likawashwa nje ya lango. Na-gyeong alimwona Tae-ik akipokea kopo lake kwa mikono miwili. Akamwona anakuja upande wake, akasimama, akainama.

"Pole na kazi," Tae-ik alisema, akatoka langoni na wenzake.

Na-gyeong alibaki amesimama na glavu mkononi. Maneno yale yale, hata kuinama kule kule. Mama alimtazama, asiseme nilikwambia, na afadhali angesema.

"Mama," Na-gyeong alisema, "shangazi akipiga, mwambie..."

"Nimwambie nini, mwanangu?"

"Mwambie Jumapili hii..."

Basi likaondoka. Walisikia likipanda kilima, likabadilisha gia, likapotea. Na-gyeong alikuwa bado hajamaliza sentensi yake pale lango liliposukumwa na Tae-ik akaingia. Alikuwa amevaa jaketi lake mwenyewe, kuukuu, kiwiko kimetoboka, na kopo la kimchi amelikumbatia kifuani.

"Umesahau kitu?" mama akamuuliza.

"Hapana, mama. Nilikwenda kurudisha nguo. Zile zilikuwa za Sang-u."

"Basi limeondoka, kijana."

"Nimeliona."

"Kutoka hapa mpaka Seoul ni mwendo wa saa tano."

"Najua, mama."

Mama akamkagua kutoka kichwani hadi miguuni, bila haraka, kama anavyokagua kabichi sokoni. Kisha akaonyesha kona ya ua. "Filamu yenu imekula kabichi ishirini. Zimebaki sitini, na zimeshakolea chumvi, haziwezi kulala tena. Mikono ni miwili yangu na miwili ya huyu. Unaweza?"

"Nilikuwa najifanya naweza. Naomba unifundishe."

"Vaa glavu."

Wakakaa watatu kwenye turubai. Hakukuwa na taa, hakukuwa na kamera, na Na-gyeong alijikuta mara mbili anageuka kutafuta ilipo. Tae-ik alikuwa hovyo kabisa. Mbele ya kamera mikono yake ilijua kila kitu kwa dakika mbili. Sasa ilipaka rojo jingi majani ya nje na kuyaacha ya ndani meupe.

"We mtoto!" mama akafoka. "Unapaka rangi ukuta? Ingiza ndani, jani kwa jani!"

"Samahani, mama."

"Samahani haikolezi kimchi."

Na-gyeong akacheka bila kutaka. Tae-ik akainua macho akamtazama. Hakuyageuza. Hakuinamisha kichwa. Alimtazama vile vile alivyomtazama siku zote mbele ya watu thelathini, ila safari hii pua ilikuwa nyekundu kwa baridi na pilipili imemrukia shavuni.

"Uliniambia pole na kazi," Na-gyeong alimwambia kwa sauti ndogo.

"Kazi si ilikwisha?" Tae-ik akajibu kwa sauti ndogo vile vile. "Nilitaka kuimaliza kwa heshima, ndipo nirudi. Kulikuwa na watu. Nimekosea?"

"Umenitoa roho."

"Nisamehe."

Simu ikalia kwenye mfuko wa aproni ya mama. Mama akatazama glavu zake zilizojaa rojo, akamtazama binti yake.

"Itoe wewe," alisema. "Mikono yangu imechafuka."

Na-gyeong akavua glavu moja. Hakuna aliyekuwa amemuahidi kitu. Mtu amebaki kutengeneza kabichi, hiyo si posa. Kesho anaweza kupanda basi jingine, na chumba kile kipo, na uji upo. Alilijua hilo lote, na akaiweka simu sikioni.

"Shikamoo, shangazi. Ni mimi... Ndiyo, tumemaliza salama... Hapana, shangazi. Jumapili siendi... Daktari sina ubaya naye, mwombee radhi." Akameza mate. "Ni kwamba kuna mtu ninampenda."

Sauti ya shangazi ilisikika hadi kwenye mitungi.

"Hapana, hajanichumbia. Hajanipa ahadi yoyote... Huenda akaniacha, sijui. Nampenda hivyo hivyo... Ndiyo, shangazi, ni mwigizaji. Ndiyo, tena." Mama akafumba macho. "Yuko hapa hapa. Anaharibu kabichi za mama."

Akakata simu, akairudisha kwenye mfuko wa aproni, akavaa glavu yake. Hakuthubutu kuinua uso. Akasikia mtu anavuta kamasi. Tae-ik alikuwa amekaa na kabichi mapajani, machozi yanamshuka bila mpango wowote, mdomo umepinda vibaya kama wa mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Hakuna mwongozaji ambaye angekubali kilio kibaya namna ile. Akainua mkono kujifuta, mkono wenye glavu, umejaa pilipili hadi kifundoni.

"We, we, we!" mama akapiga kelele, akamdaka mkono hewani. "Una wazimu? Usijiguse!"

Akavua glavu zake zote mbili, akajivuta kwa magoti juu ya turubai hadi mbele yake, akashika pindo la ndani la aproni, lile safi.

"Inama nikufute," mama alisema. "Ukipofuka kwa pilipili, binti yangu ataolewa na nani?"